Tupatane Bei Kabla ya Nanga

Pwani ya kusini imeanza kuzoea jambo ambalo zamani lilikuwa la Mombasa na Unguja: meli za starehe zinatia nanga asubuhi, zinashusha watalii kwa saa chache, na kabla ya magharibi zimekwisha kuondoka. Januari 2024 meli ya Norwegian Dawn ilifika Dar es Salaam ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Kilwa nako, meli iliyo ndogo zaidi, Le Bellot ya kampuni ya Ponant ya Ufaransa, imekwisha kufika mara kadhaa, na wageni wake wameshuka Kisiwani kutazama Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa. Kwa kuwa delta yetu ya Rufiji iko katikati ya njia hiyo, ni dhahiri kwamba hapana budi siku moja wananchi wa Kibiti na Rufiji wataulizwa kama wako tayari kuwapokea wageni hao.

Sisi tunasema wapokewe. Mgeni hafukuzwi pwani. Lakini kabla ya kuitika, wananchi wanastahili kuelezwa jinsi biashara hii inavyokwenda.

Mtalii wa meli hulipia kitanda na chakula kabla hajatoka kwao. Matembezi ya nchi kavu huyanunua humo humo melini, kwa bei iliyopangwa na kampuni. Kampuni humwajiri wakala, naye aghalabu yuko mjini; wakala hukodi gari, chombo na mwongoza wageni. Fedha inapofika kijijini imekwisha kupita mikononi mwa watu watatu au wanne, na kila mmoja amemega chake. Mgeni hali mchana kwa mama ntilie, wala halali katika nyumba ya wageni. Meli ndogo za aina ya Le Bellot hubeba hata viboti vyake vya mpira vya kushushia watu, hivyo mwenye mashua anaweza kusimama ufukoni akiwatazama abiria wakimpita. Kinachobaki ni kiingilio kinachokwenda kwa Mamlaka ya Wanyamapori, bakshishi ya mwongoza wageni, na mkeka mmoja wa ukili ulionunuliwa kwa bei ya hasara, maana muuzaji anajua kwamba meli haingoji.

Kuhusu kutongoja huko hatutii chumvi. Machi 2024 Norwegian Dawn hiyo hiyo iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezini. Kampuni isiyowasubiri wateja wake waliolipa haitamsubiri mama wa Salale atafute chenji.

Mjadala huu si mgeni nchini. Mwaka 1970 Vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji katika gazeti la The Standard kama ni haki kwa nchi inayojenga ujamaa kutumia fedha zake kujengea watalii hoteli. Mabishano yaliyofuata yalikusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotolewa mwaka 1973. Wako waliowaona vijana hao kuwa wakali kupita kiasi, na kwa hoja ya kufunga mlango hata sisi hatuko pamoja nao. Hata hivyo, swali lao la msingi, yaani nani anapanga na nani anapangiwa, halijazeeka hata kidogo.

Wapo watakaosema kijiji hakina ubavu mbele ya kampuni ya kimataifa. Na tuitazame Mexico, ambayo kisiwa chake cha Cozumel hupokea mamilioni ya abiria wa meli kila mwaka. Kwa muda mrefu abiria hao walisamehewa ada ya wageni kwa hoja kwamba wako safarini tu. Desemba 2024 Bunge la huko liliidhinisha ada ya dola 42 kwa kila kichwa. Kampuni zikapiga kelele, zikatishia kupeleka meli mahali pengine. Mwisho wa maneno, wakapatana kuanza na dola 5 tangu Julai 2025, zipande pole pole hata kufikia 21 mwaka 2028. Kutoka 42 hadi 5 ni kuporomoka kukubwa. Na sababu yake, kwa rai yetu, ni kwamba Mexico ilidai bei wakati gati zimekwisha kujengwa na maduka yamekwisha kutegemea meli. Aliyekwisha kutegemea hujadiliana kwa mkono mmoja. Delta bado haijajenga kitu kwa ajili ya meli hizo, na hiyo ndiyo nguvu yetu ya leo.

Wala pwani hii haikuwa daima ya kupangiwa. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliukuta mji wenye sultani na wanazuoni, na katika enzi yake ya biashara ya dhahabu ya Sofala aliyeshusha mali Kilwa alilipa ushuru uliopangwa na Kilwa. Desturi hiyo ilivunjwa kwa mizinga: Vasco da Gama alikuja kudai kodi mwaka 1502, na Almeida akauteka mji mwaka 1505.

Delta nayo ina silaha yake ya amani. Meli kubwa haiwezi kupenya mikono ya Rufiji. Hata manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha humu mwaka 1914 na kuangamizwa Julai 11, 1915, iliishia kuzama katika tope letu. Atakaye kuona mikoko, ndege na mahali pa kisa hicho ni lazima aingie kwa chombo kidogo, tena na mtu ajuaye bamvua na maji mafu. Meli ina ratiba yake, na maji yana yake. Anayezijua zote mbili ni nahodha wa delta. Hapo ndipo bei inapokaa.

Basi wenye mashua waungane katika ushirika mmoja, na wasuka mikeka vivyo hivyo, ili wakala asimchezee huyu dhidi ya yule. Halmashauri za Kibiti, Rufiji, Mafia na Kilwa zikae pamoja kwa sababu iyo hiyo. Ngoma ya mapokezi ni adabu yetu, lakini wachezaji wameacha jembe shambani. Malipo yao yaandikwe katika mkataba, yasiachiwe huruma ya mgeni. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inavipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo, na ada ya kila mgeni anayeshuka iwekwe humo, kisha mapato yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, si ofisini.

Mikutano hiyo hutakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni waweza kuliingiza jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao, ili wakala wa kwanza atakayeteremka huko akute bei imekwisha kuandikwa ubaoni.