Hesabu ya Kichwani Haimlindi Mkulima

Mwananchi anayenunua na kuuza bila kuandika hajui kama anajenga au anabomoa. Jambo hilo huonekana wazi kila Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, wakati wakulima na wachuuzi wa Kikwe, kusini mwa barabara kuu ya Moshi na Arusha, wanapopeleka huko nyanya, maharage na mboga. Ni watu hodari. Huamka kabla ya jogoo, wanazijua bei za jana na za juzi, wala si rahisi kumpunja mmoja wao chenji. Lakini mtu akiwauliza mwezi uliopita walipata faida kiasi gani, jibu ni lile lile: "Tunashukuru, mambo yanakwenda." Hilo ni jibu la heshima, lakini si jibu la hesabu.

Ichukuliwe kwa mfano siku moja ya mama mchuuzi. Asubuhi anatoka nyumbani na Sh. 30,000. Ananunua shambani tenga moja la nyanya kwa Sh. 25,000, anamlipa kijana wa bodaboda Sh. 3,000, anatoa ushuru wa Sh. 500 na kula chakula cha Sh. 2,000. Anauza nyanya za Sh. 31,000 kwa fedha taslimu, na nyingine za Sh. 3,000 anamkopesha mama lishe aliyeahidi kulipa siku ya soko lijalo. Jioni anafungua kitambaa na kuhesabu. Anazo Sh. 30,500.

Sasa huyu mama amepata nini? Akifikiri juu ya bei ya tenga na mauzo yake tu, atasema amepata Sh. 9,000, na huenda akaahidi nyumbani matumizi ya elfu tisa. Akitazama kitambaa tu, atasema jasho la kutwa nzima limemletea Sh. 500, na huenda akaiacha kazi hiyo kwa kukata tamaa. Majibu yote mawili si kweli. Mauzo yake ni Sh. 34,000. Ukiondoa bei ya nyanya, usafiri na ushuru, faida ni Sh. 5,500. Katika hizo, Sh. 2,000 amezila, Sh. 3,000 ziko kwa mama lishe na Sh. 500 ziko mkononi. Mistari michache ya kalamu ingemwonyesha yote hayo kabla taa haijawashwa.

Mtu anaweza kusema kwamba huo ni uchuuzi mdogo usiostahili daftari. Hapo ndipo kosa lilipo. Tajiri akipoteza elfu tatu hatatetereka. Mwenye mtaji wa elfu thelathini akipoteza elfu tatu amepoteza sehemu ya kumi ya kila alicho nacho. Mama lishe akisahau mara moja, na asiwepo wa kumkumbusha kwa tarehe na kiasi, mchuuzi huyu kesho hatanunua tenga zima. Kwa hiyo basi, anayehitaji daftari kuliko wote ni yule mwenye kidogo.

Mkulima naye ana hasara yake, tena kubwa zaidi, kwa sababu gharama zake hutawanyika miezi mitatu au minne kabla hajaona senti. Leo amenunua mbegu, wiki ijayo dawa ya kuua wadudu, kisha kibarua wa palizi, kisha mafuta ya pampu. Kila fedha hutoka kidogo kidogo na kusahaulika kidogo kidogo. Siku ya mavuno dalali anafika na burungutu. Mkulima asiye na kumbukumbu anaona fedha nyingi mbele yake na kukubali. Mwenye kumbukumbu anafunua ukurasa na kujua kwamba chini ya bei fulani kwa kila tenga amelima bure. Dalali, kwa upande wake, hana haja ya kukisia. Yeye hesabu yake ameiandika, na ndiyo maana habahatishi. Hata ule ulanguzi wa lumbesa, ambao umepigwa marufuku mara nyingi na bado ukazuka tena, hustawi pale ambapo aliyejaza gunia hakuandika uzito wake.

Wako wanaoamini kwamba simu imemaliza tatizo hili. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kila malipo ya simu huacha ujumbe wenye kiasi na saa. Ni msaada mkubwa, lakini ujumbe huo husema tu kwamba fedha zimeingia. Hausemi kama ni bei ya nyanya, ni deni lililolipwa, au ni mchango wa harusi ya binamu. Mwenye kujua hilo ni mwenye simu, naye baada ya wiki mbili hajui tena.

Utunzaji wa hesabu si uganga. Neno daftari lenyewe limekuwamo katika Kiswahili cha biashara ya pwani kwa muda mrefu. Huko Venice, Luca Pacioli alichapisha mwaka 1494 maelezo ya namna wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika kila jambo mara mbili, mahali linapotoka na mahali linapokwenda, na wahasibu wa dunia nzima wanaifuata njia hiyo mpaka leo. Mchuuzi wa Kikwe hana haja ya kuanzia huko. Daftari la shule lenye safu nne linatosha: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka. Kurasa za nyuma ziwe za madeni, anayodai na anayodaiwa. Chakula cha nyumbani na ada ya mtoto viandikwe kama fedha alizochukua mwenye biashara, si kama gharama ya biashara. Mara moja kwa wiki ajumlishe, kisha alinganishe na fedha zilizopo. Zikipishana, atafute sababu siku hiyo hiyo.

Wameru wanaijua nguvu ya maandishi. Walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, hawakuishia kwenye manung'uniko ya barazani. Waliandika madai yao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akayasimamia mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Ardhi haikurudi mara moja, lakini dunia ilisikia.

Historia ya ushirika nayo ina somo chungu. Kamati Maalumu iliyoteuliwa mwaka 1966 kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta, pamoja na mambo mengine, wanachama wasioelewa mambo ya chama chao na upungufu wa watumishi wenye ujuzi wa biashara. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1963, lakini mahitaji yalikuwa makubwa kuliko wahitimu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mwaka huo huo liliundwa shirika la kukagua hesabu zao, COASCO. Mkaguzi ni wa lazima, lakini mkaguzi hufika baada ya fedha kutoka. Wa kwanza kugundua upungufu anapaswa kuwa mwanachama mwenye stakabadhi zake mkononi.

Udhaifu ule ule sasa unanyemelea vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu, lakini daftari linashikwa na mtu mmoja, ambaye ndiye anayeliandika na ndiye anayelisoma. Mhazini akiwa mwaminifu, kikundi kina bahati. Asipokuwa mwaminifu, kufuli zote tatu zitakuwa zinalinda sanduku tupu. Hapana budi hesabu zisomwe kwa sauti katika kila mkutano, na asomaye asiwe mhazini.

Iko pia hofu kwamba anayeandika anajifichua kwa mtoza kodi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini viwango vilivyopitishwa mwaka 2019 kwa wafanyabiashara wadogo vilisema kinyume. Mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni nne na milioni saba kwa mwaka alitakiwa kulipa Sh. 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitakiwa kulipa asilimia tatu tu ya kile kilichozidi milioni nne. Kwa mauzo ya milioni tano, ni Sh. 30,000. Tofauti ya Sh. 70,000 ilikuwa adhabu ya kutoandika, na wangapi waliilipa bila kujua kwamba kulikuwa na njia nyingine?

Wenye kufundisha wapo. Mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, walimu wa shule za msingi waliwafundisha wazazi jioni chini ya miti. Katika mikoa ya Ziwa, mradi wa kisomo chenye manufaa wa kati ya 1968 na 1972 ulimfundisha mkulima kusoma kwa maneno ya pamba yake. Kikwe haikosi vijana waliomaliza kidato cha nne wakiwa wamesoma uwekaji hesabu, na ambao sasa wanakaa kijiweni wakisubiri ajira. Maofisa maendeleo ya jamii na wa ushirika wa Meru wawakusanye vijana hao, kila mmoja apewe wachuuzi kumi wa jirani, wakutane nao jioni za siku za soko wakati fedha bado ziko kwenye kitambaa na deni la mama lishe halijasahaulika.