Sabuni Yetu na Kalamu Yetu

Mwaka 1973 nchi yetu ya Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo kama hiki, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusoma ili wajue kusoma tu. Walisoma ili waishi vizuri zaidi. Leo nataka tuzungumze juu ya sabuni kwa nia hiyo hiyo.

Siku hizi vikundi vingi vijijini vinatengeneza sabuni ya maji. Jambo hili ni zuri. Lakini ninayo maoni matatu, na huenda mengine hayatakupendeza. La kwanza: kila inapowezekana, tutengeneze sabuni kwa vitu tulivyo navyo. La pili: tutengeneze kwa ajili ya nyumba zetu kabla ya kufikiri kuuza. La tatu, nalo ndilo kubwa: asiyeandika juu ya chupa asitengeneze sabuni.

Sabuni ni nini?

Sabuni hutokana na vitu viwili: mafuta na magadi makali. Vikipikwa pamoja vizuri, mafuta hayabaki mafuta na magadi hayabaki magadi. Vyote viwili hugeuka kuwa kitu kipya.

Magadi makali ya kutengenezea sabuni ni ya aina mbili. Kostiki soda hutoa sabuni ngumu, kama ile ya mche. Potashi hutoa sabuni laini, inayoyeyuka upesi katika maji. Potashi imo katika majivu, hasa majivu ya maganda ya ndizi na ya miti migumu. Kwa hiyo chanzo cha sabuni ya maji kiko jikoni kwako, kati ya mafiga.

Sabuni hufanyaje kazi? Mafuta na maji havipatani. Ukimimina maji matupu juu ya sahani yenye mafuta, maji huteleza na mafuta hubaki. Sabuni ni kama mtu mwenye mikono miwili. Mkono mmoja hushika mafuta, mwingine hushika maji. Ukisuuza, maji huondoka na mafuta, na uchafu na vijidudu huondoka pamoja nayo. Ndiyo maana kunawa kwa maji matupu baada ya kutoka chooni hakutoshi.

Jihadhari na povu. Watu wengi hupima sabuni kwa povu. Sabuni ya majivu haitoi povu jingi kama sabuni ya kiwandani, lakini inaondoa uchafu. Povu si usafi.

Kwa nini tutumie vitu vyetu?

Vikundi vingi hufundishwa kutengeneza sabuni kwa siku moja. Mwalimu huja na madumu ya dawa za kiwandani. Dawa hizo huchanganywa na maji, chumvi, rangi na manukato, na sabuni inapatikana. Sisemi dawa hizo hazifai. Zina kazi yake. Lakini mara nyingi kikundi hakielewi zinafanya nini. Kinakariri tu. Dumu likiisha, kazi imekwisha, hadi zipatikane fedha za kwenda mjini.

Wako watakaosema kwamba kurudi kwenye majivu ni kurudi nyuma. Sikubaliani nao. Mkoani Kigoma watu hutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese. Mkoani Arusha wanawake wametengeneza sabuni kwa mafuta ya mbono kaburi, mti ambao mbegu zake ni sumu kuzila. Watu hao wametumia kinachoota kwao. Wazee wetu nao wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980, sabuni ilipoadimika madukani. Wengi walifua kwa majani ya mpapai. Mwenye ujuzi wake hakai na uchafu kwa sababu duka limefungwa.

Hata hivyo, usichukue mafuta ya mboga ya watoto ukayafanya sabuni. Mtoto anahitaji mafuta tumboni kwanza. Tumia mafuta yaliyokwisha kukaangia mandazi, baada ya kuyachuja. Au tumia mafuta ya mbegu zisizoliwa.

Namna ya kutengeneza

1. Choma maganda makavu ya ndizi au kuni za mti mgumu hadi upate majivu meupe. Usichanganye na majivu ya plastiki au takataka.

2. Toboa matundu madogo chini ya ndoo ya plastiki. Tandika nyasi kavu ndani, kisha jaza majivu. Kinga ndoo nyingine chini yake.

3. Mimina maji ya mvua juu ya majivu, kidogo kidogo. Maji ya mvua ni bora, kwa sababu maji ya visima vingine huzuia sabuni kufanya kazi. Maji yatakayochuruzika yatakuwa na rangi kama chai. Yarudishe juu ya majivu mara kadhaa.

4. Pima ukali wake kwa yai bichi. Likizama, maji bado ni dhaifu. Yachemshe yapungue, yaache yapoe, kisha pima tena. Yai likielea na kuonyesha sehemu ya juu yenye ukubwa wa sarafu, maji yamekolea.

5. Pasha mafuta moto katika chungu au sufuria ya chuma. Usitumie sufuria ya alumini hata kidogo. Maji ya majivu huila.

6. Mimina maji ya majivu kidogo kidogo katika mafuta huku ukikoroga. Tumia moto mdogo. Kazi hii huchukua saa nyingi. Endelea hadi upate kitu kizito kama uji wa ugonjwa.

7. Chukua kijiko kimoja, koroga katika glasi ya maji ya moto. Mafuta yakielea juu, sabuni haijaiva. Ongeza maji ya majivu, endelea kupika.

8. Ikiiva, ongeza maji ya mvua yaliyochemshwa hadi iwe nyepesi unavyotaka. Iache ipoe. Paka kidogo kwenye ngozi ya mkono, kisha suuza. Ikiwasha, ni kali mno. Irudishe jikoni na uongeze mafuta kidogo.

Siwezi kukuambia ndoo ngapi za maji ya majivu kwa lita ngapi za mafuta, kwa kuwa majivu hayalingani. Daftari lako ndilo litakalokuambia. Andika kila mara: majivu ya nini, mafuta kiasi gani, maji kiasi gani, saa ngapi jikoni. Safari ya tatu utakuwa na kipimo chako mwenyewe.

Kama huna nafasi ya kazi hii yote, paruza gramu 50 za sabuni ya mche katika lita 1 ya maji ya moto, koroga, iache ipoe. Itie katika chupa yenye tundu dogo kifunikoni, uitundike karibu na kibuyu chirizi, hapo nje ya choo. Hiyo inatosha kwa kunawa mikono.

Tuhesabu kwanza

Vikundi huambiwa kwamba sabuni ni utajiri. Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Mafuta lita 1: sh. 6,000
Kuni: sh. 1,500
Chupa 10 za nusu lita, kila moja sh. 200: sh. 2,000
Jumla ya gharama: sh. 9,500

Mkiuza chupa 10 kwa sh. 1,500 kila moja, mnapata sh. 15,000. Faida ni sh. 5,500. Inapendeza. Lakini kama mlifanya kazi watu 5, kila mmoja amepata sh. 1,100. Je, hiyo inalingana na kazi ya siku nzima? Kama chupa mbili hazikuuzwa, au mmoja amekopa asilipe, faida imebaki kiasi gani?

Kwa hiyo nasema: anzeni na nyumba zenu. Chupa unayoitumia nyumbani haikosi mnunuzi. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 2015, na korona ilipoingia mwaka 2020, nyumba yenye sabuni karibu na choo ilikuwa na silaha. Mkiisha kuwa na kipimo cha uhakika na hesabu safi, ndipo muende SIDO mkaulize namna ya kuuza, na namna ya kupata alama ya ubora ya TBS.

Chupa isiyosema

Sasa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Pita katika minada yetu. Utaona sabuni ya maji imetiwa katika chupa za soda na za maji ya kunywa. Nyingine ni nyekundu, nyingine za rangi ya machungwa. Juu yake hapana neno hata moja. Mtoto mdogo haoni sabuni pale. Anaona soda. Na maji ya majivu yaliyokolea, niliyosema yana rangi ya chai, ni hatari kuliko sabuni yenyewe. Yanaunguza mdomo na koo.

Ndiyo maana nasema kalamu ni chombo cha kazi hii, kama mwiko. Kila chupa iandikwe kwa herufi kubwa:

SABUNI YA MAJI. SI YA KUNYWA.
WEKA MBALI NA WATOTO.

Chini yake andika vilivyomo, tarehe ya kutengenezwa, na jina la kikundi na kijiji. Ndoo ya maji ya majivu iandikwe: HATARI.

Utaniuliza: mtoto asiyejua kusoma atasaidiwaje na maandishi? Swali zuri. Kwa yeye, maandishi hayatoshi. Usitumie chupa ya kinywaji, na weka sabuni mahali asipofika. Maandishi ni kwa ajili ya mtu mzima. Yatamzuia bibi asimimine kikombe usiku. Na mganga akiuliza, "Amekunywa nini?" chupa itajibu.

Akimeza, usimtapishe. Mpeleke zahanati upesi pamoja na chupa. Maji makali yakiingia machoni au yakimwagikia ngozi, suuza kwa maji safi mengi kwa dakika 20, kisha nenda zahanati. Unapopika, vaa glovu za mpira na miwani, na watoto wakae mbali.

Ndugu msomaji, ulipoandika jina lako kwa mara ya kwanza, ulifurahi. Jina hilo sasa liweke juu ya kazi yako. Anayeandika jina lake juu ya chupa amekubali kuulizwa. Kikundi kisichotaka kuulizwa, tusinunue sabuni yake.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kijijini kwetu kuna mafuta gani yasiyoliwa?
2. Kwa nini hatutumii sufuria ya alumini?
3. Fanyeni hesabu ya hapo juu kwa bei za kijijini kwenu. Kila mtu atapata kiasi gani?
4. Kila mmoja aandike karatasi ya kubandika juu ya chupa yake. Someaneni kwa sauti.
5. Je, mnakubaliana na mwandishi kwamba asiyeandika juu ya chupa asitengeneze sabuni? Toeni sababu.