Kifungo cha Fani

Katika michezo ya kompyuta ambamo watu wengi hukutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja akiongoza mhusika wake, liko swali ambalo mgeni huulizwa mlangoni kabla hajaruhusiwa kupita: atakuwa nani? Huonyeshwa orodha ya fani, kama vile mpiganaji, mchawi, tabibu na mwindaji, akatakiwa kuteua moja. Akiisha kuteua, ametiwa mhuri. Mambo atakayojifunza, silaha atakazoshika na mavazi atakayovaa kwa maisha yote ya mhusika yule yamekwisha amriwa na jibu alilolitoa wakati alipokuwa hajui lolote. Desturi hii imezoeleka hata wengi huidhani kuwa sheria ya maumbile. Si sheria ya maumbile. Ni shauri la waundaji, na shauri likiwa baya hustahili kupingwa.

Asili ya desturi hii si kompyuta. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson, watu wa Marekani, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani unaochezwa kwa karatasi, kalamu na dadu. Fani zake za kwanza zilikuwa 3 tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mpango huo ulikuwa na busara yake. Wachezaji walikuwa wachache, wamekaa meza moja, na msimamizi wao aliwajua kwa majina. Kanuni ilipombana mtu kupita kiasi, msimamizi aliweza kuilegeza. Kompyuta ilirithi kanuni, haikumrithi msimamizi. Na hata mezani haikuchukua muda kabla ya njia nyingine kuonekana. Mwaka 1978 ulitoka mchezo wa RuneQuest, usio na fani za namna ile, ambamo mhusika huongeza ustadi wake katika jambo kwa kulitenda. Asemaye leo kwamba michezo hii haiwezi kusimama bila fani za kudumu amechelewa kwa karibu nusu karne.

Watetezi wa fani za kudumu si wajinga, na hoja zao zastahili kusikilizwa. Husema, kwanza, kwamba fani huwafanya watu wategemeane. Katika EverQuest, uliofunguliwa mwaka 1999, yuko aliyepokea mapigo, yuko aliyeponya majeraha, na wako walioshambulia. Ilikuwa shida kwa mtu kufika mbali peke yake, na katika shida hiyo urafiki mwingi ulizaliwa. Husema, pili, kwamba fani hutambulisha: amwonaye mwenziwe hujua mara moja atarajie nini kwake. Husema, tatu, kwamba waundaji huweza kupima nguvu za fani chache, lakini hawawezi kupima michanganyiko elfu. Na mwisho hukumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi.

Hoja hizi zathibitisha jambo moja, na watetezi wanadai jingine. Zathibitisha kwamba mhusika yapasa awe na mpaka. Kwani mtu awezaye yote hamhitaji mwenziwe, na mahali ambapo hakuna amhitajiye mwenziwe hapana jamii. Lakini hazithibitishi kwamba mpaka huo lazima uchorwe na mkono wa mtu mwingine, siku ya kwanza, kwa wino usiofutika. Fisi wa methali alishindwa kwa kuwa alitaka kwenda njia mbili kwa wakati mmoja. Hakuna aliyesema kwamba fisi aliyefika mwisho wa njia moja akaona haina nyama ni haramu kwake kurudi njia panda.

Ushahidi upo. Ultima Online, uliofunguliwa mwaka 1997, haukuwafungia wahusika wake katika fani. Uliweka kipimo: kila ustadi ulihesabiwa hadi alama 100, na jumla ya stadi zote za mhusika mmoja haikuruhusiwa kupita alama 700. Mhunzi aliweza kuwa mvuvi pia, na mponyaji akashika upanga; lakini aliyetaka kupata jambo jipya sharti aache la zamani lipungue. Huo nao ni mpaka, tena mkali. Tofauti ni kwamba mwenye maisha ndiye aliyeuchora, na aliweza kuufuta na kuuchora upya kwa jasho lake mwenyewe. Ni kweli kwamba wengi waliukimbilia mchanganyiko mmoja wa silaha nzito na uchawi, na watetezi hawakosi kuutaja. Lakini katika michezo ya fani vilevile watu huikimbilia fani yenye nguvu kuliko nyingine. Mizani ikipotoka hurekebishwa mizani. Wanunuzi hawafungwi kamba.

Na kutegemeana je? Kwa hili yafaa kutazama Final Fantasy XIV, mchezo wa Japani, katika sura yake iliyofunguliwa upya mwaka 2013. Humo mhusika mmoja huweza kujifunza fani zote: hubadili silaha aliyoishika, na fani yake hubadilika nayo. Kila fani ina daraja zake, na daraja hizo hupandwa kwa kazi, hazipatikani bure. Lakini watu 4 wanapoingia pangoni, sharti mmoja awe mlinzi, mmoja mponyaji, na wawili washambuliaji. Vita vikisha kuanza hakuna awezaye kugeuka. Basi kutambulikana kupo, mizani ipo, na kila mmoja amhitaji mwenziwe kama mabaharia wanavyohitajiana chomboni. Kilichoondolewa ni kile tu kisichokuwa na faida. Mtu amefungwa kwa safari moja, hakufungwa kwa umri.

Kinyume chake ni World of Warcraft, uliofunguliwa mwaka 2004 na fani 9. Humo mchezaji huweza kulipa fedha abadilishiwe jina la mhusika wake. Huweza kulipa abadilishiwe kabila, au ahamishwe upande wa vita na kuwa adui wa wale aliopigana pamoja nao jana. Fani peke yake haibadilishwi. Hebu jambo hili lipimwe vizuri. Jina na nasaba, ambavyo mtu wa kawaida hazaliwi na uwezo wa kuvichagua, ni bidhaa ya kuuzwa. Kazi, ambayo mtu wa kawaida hujifunza, huiacha na hujifunza nyingine, imefanywa kuwa damu. Huo si mfano wa maisha bali ni maisha yaliyopinduliwa.

Watajibu kwamba ndani ya fani moja mna matawi, na kwamba tangu mwaka 2009 mhusika aliruhusiwa kuweka mipango miwili ya ustadi na kubadilishana kati yake. Ni kweli, na ni vema. Lakini jibu hilo lawashitaki wenyewe. Kama uhuru wa matawi haukuuharibu mchezo, kwa nini uhuru wa mti uuharibu? Ngome ambayo wajenzi wake huitoboa madirisha kila baada ya miaka michache imekiri kwamba ndani mna joto.

Kisa cha Star Wars Galaxies chaonyesha gharama ya jambo hili kuliko hoja yoyote. Mchezo huo ulifunguliwa mwaka 2003, na kila mhusika alipewa alama 250 za kugawanya apendavyo katika zaidi ya fani 30. Walikuwapo washona nguo, wapishi, wacheza ngoma, wapiga muziki na wafuga wanyama. Askari aliyechoka kwa vita alirudi mjini kuwatazama wacheza ngoma ili uchovu umtoke, na kwa hiyo mcheza ngoma, asiyeshika silaha, alikuwa na heshima yake. Mwezi wa Novemba 2005 wenye mchezo walizifuta fani zile wakaweka 9 zilizofungwa, wakitumaini kuwavuta wageni kwa urahisi. Mfuga wanyama alikuta kazi yake imeondolewa. Wengine walikuta mambo waliyoyajenga kwa miaka miwili yamesongwa ndani ya sanduku lenye jina wasilolichagua. Malalamiko yalikuwa makubwa, na wengi waliondoka.

Haingekuwa haki kudai kwamba mageuzi yale peke yake ndiyo yaliyoufunga mchezo huo tarehe 15 Desemba 2011; mwezi uleule ulifunguliwa mwingine wa hadithi ileile, Star Wars: The Old Republic, wenye fani za kudumu. Lakini mambo mawili yafaa yakumbukwe. Wapenzi wa mchezo uliokufa walijitolea kuujenga upya kwa mikono yao, na hali waliyoifufua baadhi yao ni ya kabla ya mageuzi. Na ule mchezo mpya, mwaka 2022, ulitenganisha hadithi ya mhusika na namna yake ya kupigana, akaruhusiwa kushika namna ya pili. Waliokuja kuishi katika nyumba ya kifungo wamelegeza kifungo.

Basi jambo la haki si gumu. Mpaka na uwepo, kwa kuwa pasipo mpaka hapana thamani. Kila ustadi na ulipiwe kwa kazi, kwa kuwa kipatikanacho bure hakina mwenyewe. Watu wakiingia vitani, kila mmoja na ashike zamu yake mpaka mwisho. Lakini vita vikisha, mlango uwe wazi. Mchezaji aliyekaa na mhusika wake miaka mitano, akamjengea jina na marafiki, asiambiwe kwamba njia pekee ya kujifunza kuponya ni kumwacha mhusika huyo ghalani na kuanza na mgeni. Mwanagenzi huchagua kazi akiwa hajui. Fundi hujua alichokichagua. Kanuni imsikilizayo mwanagenzi na kumziba fundi mdomo imeweka heshima mahali pasipo pake.