CHAJA ZA OVYO ZITATUTIA HASARA

Ndugu wanachama,

Simu ya ghala imevimba betri, hata kifuniko hakifungi. Picha za karatasi za mizani ya korosho zimo humo, na malipo bado. Wengine mwasema simu ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sisi tunakataa. Ilifungwa waya mbili moja kwa moja kwenye betri ya sola ya volti 12, na tundu la simu ile linataka volti 5. Sasa isichajiwe tena wala kutobolewa, itawaka moto.

Kila chaja ya haki ina maandishi madogo mgongoni. Tuyasome, kisomo si cha barua tu! INPUT ni umeme unaoingia: 100–240V inafaa, wa kwetu ni volti 230. OUTPUT ni unaotoka: tutafute 5V. Zile za chaji ya haraka huandikwa 9V pia, lakini hupatana na simu kwanza ndipo zipande.

Ampea msiziogope. Chaja ya ampea 2 haiui simu, maana simu hunywa kiasi chake. Ya nusu ampea ndiyo huchelewa, nayo yenyewe inachemka.

Isiyo na maandishi iachwe huko huko gulioni.

Kwa sola, kinunuliwe kile kidude cha kwenye gari chenye tundu la USB, kinachoshusha 12 kuwa 5. Kamati yasema fedha hakuna. Soda za mkutano uliopita zilinunuliwa na nini?

Jumamosi kila mtu aje na chaja yake tuisome pamoja.

Katibu wa Tawi