Khati Nayo ni Sehemu ya Utenzi

Kwa miaka mingi nilifundisha ushairi kwa chaki na ubao. Utenzi niliuandika mistari minne, mmoja chini ya mwingine, kama ulivyochapwa katika vitabu vyetu vingi, nikawaambia wanafunzi kwamba hilo ndilo umbo lake. Leo nimestaafu hapa Kiabakari, mbali na pwani, na nakiri kwamba niliwafundisha nusu ya jambo.

Kilichonifungua macho ni picha za miswada ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Sehemu ya miswada hiyo imehifadhiwa SOAS, London. Kijuma alikuwa mshairi, mnakili na mchonga milango. Katika hati ya Kiarabu, ubeti wa utenzi huandikwa kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, na vipande vyake vinne hutengwa kwa alama ndogo. Hivyo kina cha mwisho, kile kisichobadilika tangu ubeti wa kwanza hadi tamati, hushuka ukingoni mwa kushoto kama mwimo wa mlango. Jicho hukiona kabla sikio halijakisikia. Tulipoukata ubeti mistari minne, mwimo huo tuliubomoa.

Wachina hawajaibomoa milango yao. Mwaka 353 Wang Xizhi alikusanyika na wenzake kando ya kijito wakatunga mashairi, naye akaandika dibaji ya mkusanyiko huo. Mswada wake wa asili umepotea, lakini wanakili waliufuata kwa uaminifu hata wakahifadhi maneno aliyoyasahihisha. Hadi leo wanafunzi wa khati huiga mwandiko huo, mkato kwa mkato. Hakuna anayewaambia kwamba maneno yakishachapwa mwandiko umekwisha kazi.

Wapo watakaosema kuwa utenzi ni wa kughaniwa, na kwamba herufi za Kirumi ndizo zilizoufikisha kwetu sisi wa Mara. Ni kweli, nami sizibezi. Tena hati ile ya kale mara nyingi haikutenga e na i, wala o na u. Msomaji alipaswa kuja na sikio lililokwisha kuzoea utenzi. Lakini ndiyo hoja yangu: jicho na sikio vilishirikiana, nasi tumelistaafisha jicho.

Naomba jambo dogo. Kila kitabu cha tenzi kiwe na picha ya ukurasa mmoja wa mswada kando ya chapa. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nayo ina miswada ya Kiswahili. Walimu wanafunzi wapelekwe wakaione.

Mimi nimeanza kujifunza herufi zenyewe. Be yangu bado inafanana na mtumbwi unaozama ziwani, lakini kila jioni naichora tena.