Kichujio cha Mafuta: Wewe au Fundi?

Motokaa ikianza kuhema mlimani au kuzimika njiani, huenda kichujio cha mafuta kimeziba. Hapa Goma si ajabu: wengi wetu hununua esanse kwa wale waitwao kadhafi, wauzao kwa bidoni kando ya barabara, nayo mara nyingine ina maji na mchanga.

Je, tukibadili wenyewe ili tubakize ujira wa fundi? Twajibu: kichujio kikiwa nje ya tangi, mahali mkono unapofika, yawezekana. Injini ipoe kwanza. Waya wa betri ufunguliwe. Mshale wa kichujio kipya uelekee injini. Motokaa ya mazutu hutaka pia kutolewa hewa. Lakini kazi hiyo isifanyike uani penye jiko la makaa na watoto: mvuke wa esanse hauonekani, nao huwaka kwa cheche moja.

Kichujio kikiwa ndani ya tangi, au pampu ikisukuma mafuta kwa nguvu nyingi, tumwachie fundi, tumlipe haki yake bila kunung'unika. Kubana matumizi ni wema, enyi wazazi. Kuhatarisha jamaa kwa ajili ya akiba ndogo si wema.