Mafua Gani Hayo ya Tundu Moja la Pua?

Wasee, kuna kitu kinanichoma. Mtu anaanguka na bodaboda, anagonga kichwa, anapona. Wiki chache baadaye akiinama kufunga viatu, tundu moja la pua linadondosha maji meupe kama ya bomba, na kooni anasikia chumvi. Anaambiwa ni mzio, anunue dawa ya mafua. Mafua gani hayo ya upande mmoja, bana? Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo. Sakafu ya fuvu imetoboka, na pale yanapotokea maji ndipo viini hupandia. Homa ya uti wa mgongo haibembelezi mtu.

Halafu kuna wale wenye wakisikia "fuvu limetoboka" wanafungua grupu ya mchango wa kwenda India. Eti lazima kichwa kipasuliwe. Zii! Tundu dogo la ajali mara nyingi hujifunga lenyewe mgonjwa akipumzika kitandani, kichwa kimeinuliwa. Kwa tundu kubwa, hasa linaloachwa na uvimbe uliotolewa kupitia puani, kiraka unacho tayari. Daktari anaingia na kamera nyembamba, anabandua utando laini wa ule ukuta wa katikati ya pua, lakini anauacha umeshikana na mshipa wake wa damu kule nyuma. Anauzungusha, anafunika tundu. Huo mshipa ndio siri: kiraka kilichokatwa kabisa hungoja damu, hiki kinakuja nayo.

Na waanzilishi wake, Hadad na Bassagasteguy, ni madaktari wa Rosario, Argentina. Waliichapisha 2006 na wenzao wa Pittsburgh. Kabla yake, matundu makubwa yalivuja tena kwa zaidi ya mgonjwa 1 kati ya 5. Siku hizi ni karibu 1 kati ya 20. (Ndio, pua hujaa maganda kwa wiki kadhaa. Vumilia.)

Kwa hivyo msiniambie dawa iko mbali. Iko usoni! Kinachotakiwa ni kamera, na madaktari wa pua na wa ubongo waliofunzwa kufanya kazi meza moja. Mwanasiasa akija na ambulensi mpya, muulizeni hilo.

Na wewe mwenye pua inadondosha upande mmoja tangu uanguke, usipenge kwa nguvu. Kinga hayo maji kwenye chupa safi, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwambie yapimwe beta-2 transferini. Leo, si Jumatatu.